Taa ya Oili ya Jetski: Pima Presha Kabla ya Kushika Chupa

Jetski moja ya kukodisha kwenye ufukwe wa Nyali, Mombasa, ilifikishwa kwa fundi ikiwa na tatizo ambalo waendeshaji wengi wanalijua. Ikishakimbizwa kwa muda, taa ya oili inaanza kumwekamweka, king'ora kinalia, na injini inagoma kupita mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Vijana wanaoitunza walikuwa wameongeza oili. Taa ikarudi, wakaongeza tena, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Taa hiyo hufuata presha. Kuna swichi ndogo iliyofungwa kwenye njia ya oili. Msukumo wa pampu ukishuka chini ya kiwango, kompyuta inaibana injini makusudi ili beringi za krenkishafti zisisagike zikiwa kavu. Upungufu wa oili ni sababu mojawapo tu. Mazoea ya kukimbilia chupa yana asili yake: jetski za zamani za mipigo miwili zilichoma oili pamoja na petroli, na taa yake kweli ilikuwa inasema tangi linakauka, jaza. Mwaka 2002 Yamaha ilitoa FX140 yenye injini ya mipigo minne, na Sea-Doo nayo ikaingiza injini ya Rotax ya aina hiyo. Tangu hapo taa ile ile inadai uchunguzi, lakini huko ufukweni bado inajibiwa kwa chupa.

Fundi alianza na dipstiki, ila hakuichomoa papo hapo. Katika jetski nyingi za leo oili haikai chini ya injini kama kwenye gari. Ina tangi lake pembeni. Pampu moja huinyonya kutoka chini na kuirudisha tangini, nyingine huisukuma hadi kwenye beringi. Chombo kikilala, oili hushuka taratibu kutoka tangini hadi chini ya injini. Ukichomoa dipstiki asubuhi injini ikiwa baridi, utaona pungufu wakati oili yote imo ndani. Hivyo ndivyo vijana walivyokuwa wakijaza kila walipoanza kazi, kwa nia njema kabisa.

Aliiweka jetski sawasawa juu ya trela na kuunga mpira wa maji. Aliwasha injini kwanza, ndipo akafungua bomba. Ilipopata moto, alifunga bomba kwanza, ndipo akazima. Mpangilio huo haugeuzwi. Maji yakiingia injini ikiwa imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, na yanaweza kurudi kupitia ekzosi hadi ndani ya silinda. Nimeona watu wakifanya kinyume kila jioni wanapoosha chumvi, kisha wanashangaa oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alipochomoa dipstiki, oili ya jetski hii haikuwa na rangi hiyo, wala haikunuka petroli. Lakini ilisimama juu sana ya alama ya mwisho, na dipstiki ilitoka na mapovu. Ndani ya boksi la hewa kulikuwa na oili imetuama. Oili ikizidi huchapwa na vyuma vinavyozunguka, ikatoa povu. Pampu ikivuta povu inasukuma hewa, na hewa haishiki presha. Kila chupa iliyoongezwa ilikuwa inashusha presha zaidi.

Kwa kuwa bodi ya chombo imeziba chini yote, oili haimwagwi kwa chini kama ya gari. Alipitisha mrija mwembamba kwenye tundu la dipstiki, akanyonya kwa pampu ya mkono mpaka kiwango kikakaa kati ya alama mbili, kisha akafuta boksi la hewa.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alifunga geji ya presha kwa kiungio cha njia tatu, swichi ikabaki kazini, wakaingia majini. Mshale ulipanda pamoja na mwendo, ukatulia ndani ya kiwango cha kitabu cha injini, na taa haikuwaka. Baada ya hapo ndipo alipoisafisha soketi ya swichi, iliyokuwa na kutu ya kijani kwenye pini moja. Angeisafisha mapema asingejua kilichoponya ni kipi. Hii ndiyo sehemu ya kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote.

Geji ingeonyesha presha nzuri huku taa ikiwaka, lawama ingekwenda kwa swichi na waya, ambavyo chumvi haiviachi salama. Presha ingekuwa chini kweli, angefungua filta na chujio. Kwenye Sea-Doo za mwanzo zenye supachaja, chujio ndilo la kutazama kwa makini, kwani washa za seramiki za supachaja zilikuwa zikivunjika na vipande vyake kuingia kwenye oili.

Ndugu zangu mnaokodisha, taa ikiwaka mkiwa mbali, zimeni injini na mwombe kuvutwa. Na anayevuta aende polepole: Yamaha wanaagiza mwendo usizidi kilomita 8 kwa saa, kwa sababu mwendo mkubwa husukuma maji ya bahari hadi ndani ya injini iliyozimwa.