Evennia: Misheni Inaandikwa Kama Mazungumzo, Jamani!

Nani alikuwa ananificha hii? Evennia ni programu huria ya kujengea seva za gemu za maandishi, ukoo ulioanzishwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978: wachezaji wengi, ulimwengu mmoja, hakuna picha, maneno tu. Usicheke! Hapa kwetu Magoma, eneo la mkonge, mtandao ukianza kusuasua, gemu ya maneno ndiyo inayofunguka kwenye kivinjari cha simu.

Ila kilichoniteka ni misheni, yaani kazi anazopewa mchezaji na wahusika wa gemu. Kwa njia ya zamani kila kauli ya mhusika inadai funksheni yake kwa Python, lugha ya msimbo wa Evennia: ya salamu, ya kukubali kazi, ya kukataa. Sahau mabano mahali, yote yamelala. Sasa kuna kiolezo cha mazungumzo. Unatia alama mbili za reli na jina la hatua, chini yake unaandika anachosema mhusika. Kisha majibu, kila moja na mstari wake, na mshale wa kuonyesha hatua inayofuata. Basi!

Nikakijaribu kwa mambo yetu. Mchezaji ni manamba, kibarua wa mkataba, ndiyo kwanza anafika shamba la mkonge, na nyapara anamtaka afikishe majani korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi, kabla hayajakauka. Ukikubali, mshale huu; ukibisha, mshale ule, na huko utamkuta nyapara amefura (nilimwandika kwa raha zote). Ukimuuliza mkonge ulitoka wapi, anakutajia Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mwaka 1893, halafu anakufokea urudi kazini. Mzee yeyote anayezijua habari za manamba angeiandika misheni hii bila kugusa Python!

Na subiri, kuna hili: unarekebisha maneno watu wakiwa ndani ya gemu. Evennia ina sehemu mbili, moja inashika mawasiliano ya wachezaji, nyingine inaendesha ulimwengu. Hiyo ya pili inazima na kuwaka upya, na hakuna anayetupwa nje.

Kasoro? Kukumbuka nani amefikisha mzigo na nani bado, hapo Python haikwepeki, na maelekezo ni Kiingereza kitupu. Lakini mshale unaweza kuita funksheni, kwa hiyo kijana mmoja anayejua msimbo anatosha kijiji kizima cha watunzi. Mimi niacheni kidogo, fundi wa korona anasubiri maneno yake.