Sarafina na Uso Wake

Kibandani, filamu ya Sarafina! ikiisha, ubishi haukosi. Wengine wanasema Leleti Khumalo si yule tena. Wameona picha zake za siku hizi: mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, iko wazi usoni. "Si angejipaka tu poda," mmoja akasema.

Mimi nakataa. Khumalo aliigiza Sarafina jukwaani Johannesburg mwaka 1987, akafika nayo Broadway, na mwaka 1988 akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Sisi tulimjua kwa filamu ya 1992, na tunakumbuka zaidi nyimbo na ngoma. Lakini tazameni pale anapotoka kifungoni na kumfuata mama yake, yaani Miriam Makeba, huko anakofanya kazi za ndani. Hapo hachezi ngoma. Uso wake ndio unasema.

Miaka mingi alifunika ngozi yake kwa vipodozi. Baadaye, kwenye tamthilia ya Imbewu, akaigiza bila kuificha. Uso ni uleule, na kazi ni ileile. Sasa jamani, tunampigia makofi msichana aliyekataa kunyamazishwa na makaburu, halafu mtu mzima tunamwambia ajifiche?