Anwani Imekufa, Namba Ipo

Maktaba ya Carnegie ya Braddock, jimbo la Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1889, ya kwanza Marekani kati ya zilizojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie. Aliyeisanifu ni William Halsey Wood. Waandishi wa mtandaoni wanaoieleza hutegemea sana fomu iliyoliingiza jengo hilo kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1973. Fomu za namna hiyo zilikuwa zikisomwa kwenye mfumo wa serikali ulioitwa NPS Focus. Mfumo huo uliondolewa, nyaraka zikahamia NPGallery, na makala nyingi kuhusu majengo ya kale zikabaki na viungo visivyofika popote.

Kilichookoa jahazi ni namba. Kila jengo kwenye rejista lina yake. Za zamani zina tarakimu nane, mbili za mwanzo zikiwa za mwaka, na ya Braddock inaanza na 73. Ukiiingiza namba hiyo NPGallery unafika kwenye rekodi ya jengo lenyewe. Ukitafuta kwa jina, hesabu ni nyingine: kati ya 1883 na 1929 fedha za Carnegie zilijenga maktaba 1,689 Marekani pekee, na nyingi huitwa Carnegie Library tu. Ni rahisi kuangukia mji mwingine, ukanukuu mwaka na msanifu wa jengo lisilo lako, na kiungo chako kipya kikafunguka bila tatizo lolote.

Mahali pasipo na namba, wengi hukimbilia Wayback Machine, hifadhi ya Internet Archive ya nakala za kurasa za mtandaoni. Ipo roboti, InternetArchiveBot, inayopitia Wikipedia na kuweka nakala zilizohifadhiwa penye viungo vilivyokufa. Kufikia Oktoba 2018 Internet Archive ilitangaza kuwa viungo zaidi ya milioni 9 vimeokolewa. Ni kazi kubwa na ninaishukuru. Lakini roboti huiuliza seva kama ukurasa upo, haiulizi umeandikwa nini. Tovuti ikisukwa upya, anwani ya zamani huweza kuelekezwa kwenye ukurasa mwingine wa jumla, na seva hujibu 200, yaani hakuna kasoro. Roboti huweza kupita. Msomaji aliyefuata jina la msanifu hukuta salamu za karibu na ratiba ya wiki.

Ndiyo maana mkarabati mzuri huanza na sentensi kabla ya kiungo: hapa pamedaiwa nini? Kisha huchagua nakala ya tarehe iliyo karibu na siku chanzo kiliposomwa, kwa sababu nakala ya baadaye huenda ilichukuliwa ukurasa ukiwa umekwisha kubadilishwa. Halafu huisoma mpaka alikute dai.

Kitambulisho kisichotegemea tovuti si lazima kiwe namba ya rejista. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ina bahati ya kuwa na sheria yake yenyewe, ya mwaka 1938. Anayetaja jina la sheria na sura yake, 217, amempa msomaji njia ya kuifikia hata tovuti ya sheria ikihama.

Na anwani ya zamani isifutwe. Iachwe ndani ya rejeo, kando ya mpya, pamoja na tarehe ya kusomwa. Nakala nyingine ikihitajika kesho, Wayback Machine itadai anwani ileile iliyokufa.