Joram Kiango Hayumo: Kuhusu Masikitiko ya Msomaji

Msomaji wa riwaya za upelelezi ni mtu wa mazoea. Akishampenda mwandishi, hukifungua kitabu kipya kama mtu aingiaye nyumba ya jamaa yake: ajua mlango ulipo, ajua na nani atampokea. Akimkuta mwenyeji mwingine, husononeka, na pengine hulaumu. Katika makala haya tunakusudia kuyapima masikitiko hayo, ili tuone ni wakati gani yana haki na ni wakati gani hayana.

Mfano wetu ni marehemu Ben Mtobwa (1958–2008). Jina lake lilienea kwa riwaya za Joram Kiango, mpelelezi asiye askari, ambaye pamoja na Nuru huingia katika hatari iliyowashinda wengine, huku Inspekta Kombora akimtazama kwa shaka na matumaini. Katika Tutarudi na Roho Zetu? adui ni utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini. Hapa Nduguti, katika Wilaya ya Mkalama, tumeziona riwaya hizo zikisomwa kwa zamu, nakala moja ikipita mikono mingi hata jalada likachakaa.

Mwaka 1990 Mtobwa alitoa Dar es Salaam Usiku. Joram hayumo. Kilichomo ni mji wenyewe baada ya jua kuchwa: uzuri unaouzwa, ufukara unaolala jirani na utajiri, na watu wanaotafuta riziki kwa njia ambazo mchana hawazitaji. Wako wasomaji waliokipokea kitabu hiki kwa kinyongo. Walitaka fumbo, wakapewa maisha.

Kinyongo cha namna hii si kigeni. Mwaka 1893 Mwingereza Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes katika hadithi, kwa kuwa alitaka nafasi ya kuandika vitabu vya historia, ambavyo yeye mwenyewe alivithamini zaidi. Wasomaji walighadhibika. Mwaka 1903 akalazimika kumfufua. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishika njia nyingine: alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mwaka 1984 alipotoa Kosa la Bwana Msa, alikuwa bado na mpelelezi yuleyule na kiko chake. Hatuwezi kusema kuwa mmoja kati yao alikosea. Uaminifu kwa mhusika ni jambo jema, lakini si deni.

Basi mwandishi anadaiwa nini? Kwa maoni yetu, riwaya ya upelelezi humfundisha msomaji kudai mambo mawili: kila tukio liwe na sababu, na ukweli ufichuliwe hata ukiwa mchungu. Mwandishi akihama upelelezi na kuyaacha hayo pia, masikitiko ya msomaji yana haki kamili. Lakini akiyachukua mambo hayo mawili na kwenda nayo kwingine, aliyepotea njia si yeye.

Hapo ndipo tunapomtetea Mtobwa. Katika vitabu vya Joram uovu una jina na uso, nao waweza kukamatwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Msomaji hulala akiwa ametulia. Katika Dar es Salaam Usiku uovu mkubwa ni umaskini, na hakuna mpelelezi awezaye kuutia pingu. Kilichomuudhi msomaji, tunadhani, si kukosekana kwa Joram tu, bali kukosekana kwa faraja aliyoizoea.

Kwa msomaji wa Nduguti jambo hili si la vitabuni tu. Mkoa wa Singida umekuwa ukitoa wasichana wengi wanaokwenda mijini kufanya kazi za nyumbani, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuuona mji ila katika kurasa za riwaya. Mji wa Joram ni wa hoteli, bastola na magari ya kasi. Mji wa kitabu kile kingine ndio unaoweza kumpokea msichana ashukaye basi usiku, akiwa na anwani moja mkononi na nauli iliyokwisha. Kati ya picha hizo mbili, ya pili haifurahishi, lakini ndiyo itakayomfaa.

Hatusemi kwamba Joram aachwe. Burudani nayo ni haki ya msomaji, na wengi wetu tusingalijifunza kupenda kusoma bila yeye. Tunachowaomba walimu ni kwamba, mwanafunzi anapolalamika kuwa mwandishi wake amembadilikia, asinyamazishwe wala asikubaliwe upesi. Aulizwe maswali yale aliyozoea kumwachia mpelelezi: katika kitabu hiki mkosaji ni nani, na ni nani atakayemkamata? Akiona kwamba swali la pili linamtazama yeye, atakuwa ameanza kuhakiki.