Kuta za Montefalco na Suala la Hadhira

Wahakiki wenzangu tumezoea kutenga fani na maudhui kama mtu anayemenya ndizi: ganda huku, tunda kule. Nadai kwamba mchezo huo unagota mtu akifika Montefalco, Italia.

Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko mjini humo, Benozzo Gozzoli alimaliza mwaka 1452 kuchora maisha ya Fransisko wa Asizi kwenye kuta za nyuma ya altare. Alitumia fresko, yaani rangi hupakwa juu ya plasta ya chokaa ingali mbichi. Ikikauka, rangi imekuwa ukuta. Basi kanisa lilipogeuzwa makumbusho picha zilibaki palepale. Kilichobadilika ni hadhira.

Hebu tusome. Masimulizi yanaanzia chini, yanapanda juu. Mwanzoni kabisa Fransisko anazaliwa zizini, ng'ombe na punda wapo. Mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, zizini! Msanii hajatamka popote kwamba huyu anafanana na Kristo. Zizi ndilo linalotamka. Sasa hapo ganda ni lipi na tunda ni lipi?

Mahali pengine Fransisko anawahubiria ndege, na katika fremu hiyohiyo anaubariki mji wa Montefalco wenyewe. Mwenyeji aliyekuja kusali aliuona mji wake ukibarikiwa. Mgeni wa leo, tiketi mkononi, anaona mandhari nzuri tu. Mchoro ni uleule lakini maana imepungua, tena si haba.

Wapo watakaorukia kusema makumbusho yameiua kazi hii. Sikubaliani nao. Aliyelipiwa sala haulizi maswali. Aliyelipa kiingilio anauliza. Anauliza nani aliagiza kazi, na jibu lipo: Fra Jacopo, mtawa wa shirika lilelile la Fransisko. Ati shirika linajisifu ukutani kwake!

Tena atazame chini ya dirisha. Kuna sura tatu ambazo si za watakatifu: Dante, Petrarch na Giotto. Washairi wawili na mchoraji, bega kwa bega, ndani ya kanisa. Sisi watu wa fasihi tunaweza kujivuna, lakini anayefaidi zaidi hapo ni Giotto, na nyuma ya Giotto, Gozzoli mwenyewe: fundi wa plasta anayeidai fani yake kiti kando ya ushairi.