Ruzuku ya intaneti kwa vituo vya afya vijijini Marekani: kazi yote iko kwenye zabuni

Vijiji vingi vya Alaska havina barabara ya kufika hospitali. Mtoto akiumwa sikio, mhudumu wa afya wa kijiji hulipiga picha kwa ndani, akaituma kwa daktari aliye mamia ya kilomita mbali, kisha akangoja maelekezo. Mara nyingi picha hiyo hupita kwenye setilaiti, na gharama ya setilaiti si ya kubebwa na kituo kidogo peke yake. Ndiyo maana Sheria ya Mawasiliano ya 1996 iliagiza vituo vya afya vya vijijini visivyo vya kibiashara vipate huduma kwa bei inayokaribiana na ya mjini. Fedha hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za simu. Shirika la USAC huzigawa, chini ya usimamizi wa tume ya mawasiliano, FCC.

Njia za kuomba ni mbili. Ya zamani hufidia tofauti ya bei: tuseme laini ni dola 8,000 kwa mwezi kijijini na dola 500 mjini, kituo hulipa 500 na mfuko 7,500. Ya pili, iliyoanzishwa mwaka 2012, hulipa asilimia 65 ya gharama ya intaneti, na kituo asilimia 35. Napenda hii ya pili kwa sababu anayelipa sehemu ya bili huisoma. Lakini kwa kijiji cha setilaiti, asilimia 35 ya dola 8,000 ni 2,800 kila mwezi. Hapo njia ya zamani bado ndiyo mkombozi.

Kwenye njia ya pili, fomu 460 huthibitisha kwamba kituo kinastahili: ni cha umma au hakiendeshwi kwa faida, na kiko kijijini. Hospitali ya mjini nayo inaweza kuingia kupitia muungano, mradi zaidi ya nusu ya wanachama wawe wa vijijini. Hatua hiyo haina ugumu mkubwa.

Ugumu uko kwenye fomu 461, tangazo la zabuni. Likishawekwa hadharani, kituo hungoja siku 28 kabla ya kuchagua kampuni. Mkataba ukisainiwa ndani ya siku hizo, ombi la fedha huharibika hata kama bei ilikuwa nzuri. Vigezo na uzito wake hupangwa kabla bei hazijafika: kwa mfano bei alama 40, uimara wa laini 30, kasi ya kurekebisha hitilafu 20, uzoefu 10. Kigezo cha kurekebisha hitilafu kipewe uzito wa kweli. Fundi wa bei nafuu anayefika kwa ndege baada ya wiki moja hamsaidii mgonjwa. Ukiandika kigezo hicho baada ya kuona nani ameomba, mkaguzi atauliza, na ana haki ya kuuliza. Zawadi kutoka kwa kampuni inayoomba hairuhusiwi, na kampuni hiyo haiwezi kukulipia ile asilimia 35.

Baada ya hapo fomu 462 huomba fedha, ikiambatana na mkataba, zabuni zote zilizopokelewa na jedwali la alama. Aliyepanga jedwali mapema huijaza bila taabu.

Hata hivyo, mfuko una ukomo. Mwaka 2016 maombi yalizidi dola milioni 400 zilizokuwa zimewekwa, na vituo vikapunguziwa mgao. Kwa kituo cha kijijini, pengo la namna hiyo hukatwa kwenye dawa au kwenye mshahara wa muuguzi. FCC ilipandisha ukomo hadi dola milioni 571 mwaka 2018, ukiongezwa kufuata mfumuko wa bei, kisha ikaweka utaratibu wa kuyapa kipaumbele maeneo ya mbali zaidi na yenye uhaba wa madaktari pale fedha zisipotosha.

Ankara hupita kwenye fomu 463, ambayo kituo hujaza kikithibitisha kwamba kimelipa sehemu yake, na kampuni huidhinisha. Nyaraka zote, pamoja na za kampuni zilizokosa zabuni, hutunzwa kwa miaka 5.