Nzi Asiyeingia Majini

Samoni wa Atlantiki akishaaga bahari na kuingia mtoni kwenda kutaga, huacha kula. Hata hivyo wavuvi wa Uskoti, kwa vizazi kadhaa, wamekesha wakiivisha ndoana hariri, nyuzi za fedha na manyoya ya ndege wa mbali, kisha wakaitupa mtoni kumjaribu samaki asiye na njaa. Kiumbe wanachokitengeneza wanakiita nzi, ingawa hakifanani na mdudu yeyote. Kwa nini samoni hukirukia, wavuvi wanabishana mpaka leo. La rangi zile zote halina ubishi mwingi: zilipangwa kwa jicho la binadamu. Ndiyo maana sioni kosa lolote fundi anapofunga nzi ambaye hatalowa kamwe, akamweka ndani ya fremu ya kioo na kumzawadia mtu anayempenda. Nzi wa samoni alikuwa pambo tangu mwanzo.

Mtazame huyu aitwaye Jock Scott. Wavuvi husimulia kwamba alibuniwa katikati ya karne ya 19 na mtumishi wa Lord John Scott, na jina alilobeba ni la mtumishi, si la bwana. Mkia wake ni unyoya wa kishungi cha fezanti wa dhahabu, ndege wa China. Kiwiliwili kimegawanywa nusu kwa nusu: nyuma hariri ya manjano, mbele hariri nyeusi, na utepe mwembamba wa fedha umezungushwa juu yake. Panapokutana rangi hizo mbili hukaa manyoya ya tukani wa Amerika ya Kusini, yakizibwa kwa unyoya mweusi wa mbuni. Kooni ana madoa ya kanga. Bawa lina bata mzinga, tandawala, tausi na bata maji aliyetiwa rangi, na ubavuni huwekwa unyoya wa shingo ya kuku-mwitu wa India. Mabara manne yamekutana juu ya chuma kisichozidi urefu wa kidole.

Vifaa ni vichache: jiliwa dogo la kushikia ndoana, mkasi wenye ncha kali, sindano, uzi mwembamba uliopakwa nta. Ugumu uko kwenye hesabu. Kila mzunguko wa uzi huongeza unene, na unene wote unaopotezwa mkiani utaonekana kichwani, mahali ambapo kila kitu hufungiwa na ambapo fundi mzuri huacha kichwa kidogo kama punje ya ulezi. Kwa hiyo mizunguko mitatu ikitosha, wa nne haupigwi. Hariri ya manjano nayo haifichi kitu: kifundo kilichoachwa chini yake huonekana, na kidole chenye jasho huacha doa. Mafundi huosha mikono kabla ya kuigusa, na wengine huvaa glavu za pamba.

Kisha huja bawa, na hapa ndipo subira hupimwa. Unyoya wa ndege una nyuzi nyingi zilizopangana, na kila uzi una vikulabu vidogo vinavyomshika jirani yake. Fundi hukata nyuzi mbili tatu za bata mzinga, mbili tatu za tausi, mbili tatu za bata maji mwekundu, wa manjano na wa buluu, akazilaza sambamba na kuzipapasa kwa ncha za vidole mpaka vikulabu vinashikana. Manyoya ya aina tano sita huwa kipande kimoja, na ukikipuliza hakiachani. Lakini manyoya ya upande wa kushoto wa ndege hujenga bawa la kushoto tu, na ya kulia bawa la kulia; ukichanganya, yanakataa kushikana. Mwisho mabawa yote mawili hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada, uzi ukapitishwa juu kwa kitanzi kilicholegea, ukavutwa moja kwa moja kwenda chini. Ukivutwa kwa pembeni, bawa linapinda na kazi ya asubuhi nzima inafumuliwa.

Aliyeifanya kazi hii kwa heshima kubwa kuliko wengi ni Megan Boyd, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1915 na kukulia Brora, kaskazini mwa Uskoti, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mto. Mwalimu wake, mzee mlinzi wa wanyama wa kuwindwa, alimpa nzi waliokwisha kufungwa awafumue, kisha awafunge upya kwenye ndoana ndogo zaidi. Kwa miongo mingi alifanya kazi katika nyumba ndogo isiyo na umeme, meza ikiwa dirishani. Mwaka 1971 alitunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza, asiende London kuipokea kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mbwa wake. Wateja wake walivua samoni kwa nzi wake. Yeye mwenyewe hakuvua, kwa kuwa hakupenda kuua samaki. Alifariki mwaka 2001, na nzi wake leo hutunzwa ndani ya vioo.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii si ngeni. Mwaka 1905 samaki aina ya trauti, ambao nao huvuliwa kwa nzi, walipandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare, Kenya, kutokana na mayai yaliyoletwa kutoka Uskoti. Kwa miongo mingi sasa mafundi wa Kenya, wanawake kwa wanaume, hufunga nzi kwa dazeni kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Mkono unaoweza kufunga dazeni zinazofanana ndio mkono unaofaa kupewa nafasi ya kufunga mmoja wa maonyesho, kwa bei inayolingana na siku ambazo fundi amekaa naye.

Uzuri huu umewahi kuwapotosha watu. Juni 2009 mwanafunzi wa muziki kutoka Marekani alivunja dirisha la makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, nyingine zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19, akawauzia wafungaji wa nzi baadhi ya ngozi hizo na manyoya yake. Wizi ule haukuwa na udhuru. Manyoya ya bata mzinga, bata bukini na kuku, yakitiwa rangi vizuri, hutoa nzi wa kupendeza, na wako mafundi stadi wasiotumia mengine.

Basi ukitaka kumzawadia mtu nzi wa namna hii, mwulize fundi manyoya yametoka kwa ndege gani, na usimharakishe. Mwombe aandike nyuma ya fremu jina la nzi, jina lake mwenyewe na mwaka. Itundike mbali na jua, kwa maana rangi hupauka, na uhakikishe kioo kimezibwa vizuri, kwa maana nondo hula manyoya. Bei usibishane nayo sana.